Mtoto wa Nani? Nasaba, Majina na Heshima ya Mtoto katika Kariakoo ya Dar es Salaam

Katika miji ya pwani mtoto atumwaye dukani, akikutana njiani na mtu mzima asiyemjua, mara nyingi haulizwi kwanza jina lake, bali huulizwa: "Mtoto wa nani wewe?" Ajibuye bila kusita, akataja baba, nyumba na mtaa, huachiwa apite, na pengine hupewa salamu awapelekee wazazi wake. Ababaikaye huonekana amepungukiwa na kitu. Makala haya yakusudia kueleza jinsi jamaa za Kariakoo, tangu mwisho wa Vita Kuu ya kwanza hata miaka ya karibu na uhuru, zilivyowapa watoto wao jibu la swali hilo, na kwa nini kazi hiyo ilikuwa nzito huko kuliko katika miji ya kale kama Lamu, ambako nyumba nyingi za waungwana zilikuwa na nasaba iliyoandikwa.

Wataalamu wa malezi wa siku hizi hunena juu ya kujithamini na utambulisho. Maneno hayo, kwa maana hiyo, ni mapya katika Kiswahili. Lakini ni kosa kudhani kwamba kwa kuwa istilahi haikuwako, jambo lenyewe pia halikuwako. Wazee wa pwani walikuwa na maneno matatu yaliyofanya kazi hiyo: utu, heshima na ungwana. Utu ni wa kila mwanadamu. Heshima hupewa mtu na wenzake, naye huirudisha, wala haiwi ya mtu mmoja peke yake. Ama ungwana, hilo ndilo neno gumu, kwa maana lilipata nguvu yake kutokana na kinyume chake, yaani utumwa. Mwungwana ni yule ajulikanaye baba yake na babu yake, na ambaye hakuna awezaye kusema kwamba babu huyo alinunuliwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliwatenga watumwa wa Mrima kwa majina: wazalia, yaani waliozaliwa pwani, na wajinga, waliotoka bara karibuni. Wazao wa watu wa namna hizo zote mbili walikuwamo miongoni mwa wakazi wa kwanza wa Kariakoo.

Mji wenyewe si wa kale. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliuanzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kariakoo ilikuwa shamba nje ya mji, na mwishoni mwa utawala wao Wajerumani walianza kuitayarisha iwe makazi ya Waafrika, wakajenga huko jumba la soko. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walilifanya jumba hilo na viwanja vyake kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndimi za watu zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo walikuwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na walio wengi kati yao hawana kaburi lenye jina. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 huwakumbuka kwa jumla tu. Basi mtaa uliopata jina lake kwa watu wasioandikwa majina ndio uliopaswa kulea watoto wenye kujijua.

Kanuni za ujenzi za miaka ya 1920 ziliugawa mji sehemu tatu kwa namna ya nyumba, lakini kwa kweli ulikuwa mgawanyo wa rangi: Uzunguni, Uhindini, na sehemu ya wenyeji, ambayo moyo wake ulikuwa Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Mwanamume aliyeuvuka uwanja huo asubuhi kwenda kazini katika nyumba ya mgeni aliacha jina lake nyuma, kwa maana huko aliitwa boi, hata akiwa na wajukuu. Mtoto wake aliyemfuata siku moja kumpelekea kitu aliweza kulisikia neno hilo kwa masikio yake. Haiwezekani kuyafahamu malezi ya Kariakoo bila kulikumbuka neno hilo moja.

Tena liko jambo la pili, ambalo wenyeji hawakulitaja kwa sauti. Serikali ya Wajerumani iliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ukaja kufutwa katika Tanganyika kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo mwaka 1930 aliweza kuwa na baba aliyezaliwa huru kwa sababu ya amri hiyo tu, na nyanya aliyepata kuwa mali ya mtu. Wengi walitoka mbali: Wamanyema wa upande wa Kongo, Wanyasa, Wayao, Wanyamwezi waliokuja na misafara, pamoja na Wazaramo wenye nchi, ambao walikuwa wengi kuliko kabila jingine lolote. Majina ya mitaa yenyewe yahifadhi kumbukumbu hiyo: Kongo, Nyamwezi, Udowe, Mafia, Swahili.

Methali yasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Kwa kawaida hutumiwa kumwonya kijana anayeiga mambo ya kigeni. Lakini isikilizwe kwa sikio la mama wa Kariakoo wa miaka ile, ambaye asili yake ndiyo utumwa wenyewe, nayo yageuka kuwa fumbo lisilo na mlango wa kutokea: akiishika asili ni mtumwa, akiiacha ni mtumwa. Jamaa za Kariakoo zililifumbua fumbo hili kwa namna yao. Hazikuishika asili wala kuiacha. Ziliitengeneza, na zana walizotumia zilikuwa zaidi za lugha kuliko za mali.

Zana ya kwanza ilikuwa namna ya kuitana nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wapangaji hawakuwa ndugu. Mmoja Mngoni, mwingine Mluguru, wa tatu Mmanyema. Walikutana kwa sababu ya kodi tu. Hata hivyo haikupita miezi mingi kabla ya watoto wa vyumba vyote kuwa na baba mdogo, mama mkubwa, shangazi na bibi ndani ya ua mmoja. Maneno hayo hayakuwa heshima ya mdomo. Mwenye kuitwa mama mkubwa aliweza kumwadhibu mtoto aliyekosa, naye alipaswa kumpa chakula mama yake akichelewa sokoni. J. A. K. Leslie, afisa wa serikali aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1950 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, aliwahesabu watu hawa kwa kabila, na kitabu chake kina faida kubwa mpaka leo. Ila hesabu ya kabila haiwezi kuonyesha ukoo wa namna hii, ambao umejengwa kwa maneno na kusimama juu ya ukumbi mmoja.

Hapa pana jambo dogo la lugha linalostahili kuangaliwa zaidi kuliko linavyoangaliwa. Mtu aliyezaa hakuitwa tena jina lake, bali jina la mtoto wake, hasa wa kwanza: Mama Asha, Baba Juma. Kwa kawaida desturi hii huelezwa kuwa ni adabu tu, njia ya kuepuka jina la mtu mzima. Maelezo hayo ni sahihi kwa upande wa mkubwa. Upande wa mtoto husahauliwa. Mtoto wa miaka minne, asikiaye kutwa watu wote wa ua wakimwita mama yake kwa jina lake yeye, hujifunza kabla ya kujua kuhesabu kwamba yeye ni kitu ambacho wakubwa hujulikana kwacho. Wala hakuna aliyemketisha kumfundisha. Na yule baba aliyeitwa boi ng'ambo ya Mnazi Mmoja, jioni akipanda barazani alikuwa Baba Juma, na Juma alikuwapo kusikia. Hapana shaka heshima ya wawili hao ilirudishwa kwa neno moja.

Zana ya pili ilikuwa majina yenyewe. Mtumwa alipewa jina na bwana wake, mara nyingi jina la kito au la heri: Feruzi, Almasi, Mabruki, Farijala, Faida. Waliokuwa huru waliwapa watoto wao majina ambayo mtu yeyote wa pwani aliweza kuwa nayo, kama Salum, Ramadhani, Fatuma, Mwajuma, na jina likatangazwa mbele ya watu siku ya akika. Wakristo nao, ambao walikuwa wachache zaidi katika mtaa huo, walifanya kadiri hiyo hiyo kwa ubatizo. Lakini Kiswahili cha pwani hutaka bin na binti, na hapo ndipo siri ilipotokea, maana Ramadhani bin Feruzi alikuwa amekwisha kusema habari za baba yake kwa kutaja jina lake tu. Yaonekana jamaa zilifanya mambo mawili tofauti. Baadhi zililiacha jina la babu lipotee, wakaruka kizazi au wakachukua jina la kabila. Nyingine zililishika kwa makusudi, mjukuu akapewa jina hilo hilo kama jina la kwanza, na katika vizazi viwili Feruzi likawa jina la babu mwenye nyumba, si jina la mtumwa. Njia hii ya pili ilikuwa ngumu kwa wazazi, na kwa mtoto huenda ndiyo iliyokuwa bora, kwa sababu haikumdai aogope jina lake mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa umeandikwa, ni wa jamaa ambayo haikutokana na utumwa bali na uaskari. Kleist Sykes alizaliwa mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa mmoja wa askari walioitwa Wazulu, ambao Wajerumani waliwaandikisha Msumbiji mwaka 1889. Mtoto huyo aliyefiwa na baba angali mdogo akalelewa katika nyumba ya Affande Plantan, askari mwenziwe marehemu. Alikuwa na jina la Kijerumani, jina la Kiislamu, yaani Abdallah, na jina la baba aliyetoka nchi nyingine. Mtu wa namna hiyo, katika mji mgeni, angeweza kuhesabiwa kuwa hana kwao. Alishiriki katika kuanzisha African Association mwaka 1929, ambayo makao yake yalikuwa New Street, Mtaa wa Lumumba wa leo, na Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Wanawe watatu aliwaita Abdulwahid, Ally na Abbas, wala hakuna aliyepewa jina la Kijerumani wala la Kiingereza. Lakini Sykes halikuondolewa.

Jambo lenye thamani zaidi kwa habari hii ni kwamba kabla ya kufa mwaka 1949 Kleist aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo kuandika sura juu ya babu yake katika kitabu cha John Iliffe kilichotoka mwaka 1973. Pwani ina desturi ya zamani ya mzazi kumwandikia mtoto. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na Shaaban Robert naye alitunga tenzi kwa ajili ya wanawe. Lakini tenzi hizo humwambia mtoto namna ya kuwa. Maandishi ya mtu wa Kariakoo yalimwambia mtoto ametoka wapi, nayo hayakuficha kwamba babu alikuja akiwa askari wa kuajiriwa na serikali ya kigeni. Mjukuu mwingine, aliyeitwa Kleist kwa jina la babu yake, alikuwa Meya wa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jina lililokuwa la Kijerumani lilikuwa limekwisha kuwa la Kariakoo.

Si kila jamaa ilikuwa na mtu ajuaye kuandika. Waliokuwa hawana kalamu walikuwa na utani. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi, watani wa tangu siku za misafara, mtu aliweza kumwita mwenzake mtumwa wake, akamcheka kabila lake na chakula chake, akachukua kitu chake msibani, na aliyetendewa hivyo hakuruhusiwa kukasirika. Nyumbani utani huo huo ulikuwa kati ya babu na mjukuu. Bibi humwita mjukuu wake mume, akamlaumu kwamba hamlishi. Mjukuu hujibu kwamba mke huyu amezeeka, ataoa mwingine. Wageni hulichukua jambo hili kuwa kichekesho tu. Kwa kweli palikuwa pahali pa kwanza ambapo mtoto alifundishwa kutukanwa bila kuvunjika na kujibu bila kukosa adabu. Mtoto aliyekwisha kuitwa mtumwa wa mtani mara mia kwa kicheko, neno hilo likimjia mara ya kwanza kwa chuki, halimkuti mtupu.

Wasichana walikuwa na njia yao. Msichana avunjapo ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa kwa somo, ambaye si mama yake. Kwa maana mambo ya kunga hayakusemwa kati ya mama na binti. Miongoni mwa Wazaramo alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti iliyorithiwa katika ukoo, aitunze kama mtoto. Marja-Liisa Swantz aliyaeleza mambo haya kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1970. Siku ya kutolewa mwali alipambwa, akatembezwa mtaani kwa ngoma, akatunzwa fedha na majirani. Mbele ya macho ya watu wote mtaa mzima ulikiri kwamba huyu ni mtu. Haifai, hata hivyo, kusifu bila kupima. Kuwekwa ndani kuliwaondoa wasichana wengi shuleni, na wengi waliolewa mara baada ya kutoka, bila kuulizwa. Heshima waliyopewa ilikuwa kubwa, na kodi yake pia ilikuwa kubwa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa na miaka michache tu ya shule. Lakini alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alipopewa mwaka 1955 kazi ya kuwaongoza wanawake wa TANU, watu aliowaendea kwanza walikuwa wanawake wa vikundi kama hivyo. Maisha yake aliyasimulia kwa Susan Geiger, katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Sauti iliyosimama mbele ya maelfu haikufunzwa darasani. Ilifunzwa katika duara ya ngoma, ambamo msichana huzoea kuitikiwa.

Limebaki jambo la kimya. Jamaa nyingi za Kariakoo ziliamua, bila kuketi na kuamua, kwamba habari za utumwa zisitajwe mbele ya watoto. Nyanya alisema ametoka Umanyema, wala hakusema ametokaje. Yaweza kuulizwa kama kimya hiki kiliwasaidia watoto au kiliwadhuru. Kwa kizazi cha kwanza kiliwasaidia, hilo ni dhahiri: mtoto alicheza, akasoma chuoni Kurani, akaoa, bila mzigo ambao hakuubeba yeye. Lakini kimya cha jamaa hakikuwafunga majirani. Katika ugomvi wa uani siri ilitolewa kwa kijembe, na mtoto akajua habari ya nyanya yake kwa kinywa cha adui, akiwa hana jibu. Waliokuwa na hadithi, hata ya taabu, walikuwa na la kusema. Waliopewa kimya walibaki na aibu tu, isiyo na maelezo. Ndiyo sababu neno mtumwa lingali na ukali wake mitaani, ingawa watumwa wenyewe wamekwisha kufa zamani.

Baada ya uhuru wa 1961 serikali ilijaribu kuwapa watu wote jina moja la heshima, ndugu, na katika miaka ya Azimio la Arusha la 1967 neno hilo lilitumika ofisini na mkutanoni. Lilifaulu kuondoa boi katika usemi wa kazi, na hilo si jambo dogo. Lakini ndugu haliulizi mtu ni mtoto wa nani, kwa hiyo halikuweza kushika mahali pa maneno ya uani. Wakati huo huo jina lililokuwa limewapokea waliokosa kabila, yaani Mswahili, lilianza kushuka: leo katika usemi wa mjini kumwita mtu Mswahili ni karibu na kumwita mjanja asiyeaminika, na uswahilini ni mahali ambapo mtu husema kwa aibu kwamba alizaliwa. Watoto wa Mtaa wa Swahili walistahili bahati iliyo njema zaidi.

Nyumba zenyewe zinatoweka. Soko jipya la Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990 viwanja vingi vya nyumba za vyumba sita vimejengwa maghorofa ya maduka na stoo. Jamaa nyingi zimeuza au zimeingia ubia na wajenzi, zikahamia pembezoni mwa mji. Ukumbi na ua vimekwenda pamoja nazo au havikwenda kabisa. Mama Fulani na Baba Fulani yangalipo, hata katika simu za mkononi, na huenda ndiyo sehemu ya urithi huu iliyo ngumu kufa kuliko zote.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto wa Tanzania haki ya kuwa na jina na uraia, na ya kuwajua wazazi wake na jamaa zake. Kwa mara ya kwanza lile swali la njiani limeingia katika sheria ya nchi, nalo sasa laulizwa na mtoto mwenyewe. Sheria haikueleza ni nani atakayemjibu mjukuu wa Kariakoo aulizapo habari za nyanya ambaye jamaa ilikubaliana asisimuliwe. Wanaojua ni wazee wachache, wengi wao sasa wanakaa Mbagala, Temeke na Tegeta, mbali na ua ambamo habari hizo zilinong'onwa, na hawajaulizwa bado.